Kwodi, farasi, miguu ama jeep: mabonde ya Kapadokia uyapite na nini?

Siku hizi watu wetu wengi wanaenda Istanbul kuchukua mzigo, nguo, viatu, mapazia, halafu mtu anajiuliza tiketi nshakata, huku nshafika, kwanini nisiongeze siku tatu nikaone Kapadokia. Mi nilienda hivyohivyo, ilikuwa Oktoba, na wifi yangu ambae ana duka Kariakoo, pamoja na mama mkwe ambae ameshapita miaka sitini na magoti yanamsumbua. Tukafika Göreme, kamji ka hukohuko Kapadokia, usiku, asubuhi kutoka nje kila mlango una picha ya kwodi, zile pikipiki za magurudumu manne, zimepangwa juu ya mlima jua linazama kwa nyuma. Mlango wa pili farasi. Wa tatu jeep. Na yule dada wa mapokezi hotelini anasema nyie mngetembea tu kwa miguu, bure. Tukakaa tukabishana mpaka chai ikapoa.

Kwahiyo naandika hii kwa alie kwenye hiyo chai saivi. Siku tatu tulizokaa, kati yetu watatu tulipanda vyote vinne, na ninachokwambia mapema ni kwamba hivi vitu havikupitishi bonde moja. Jina la bonde kwenye karatasi ni lilelile ila unachoenda kukiona ni tofauti kabisa, na hilo hakuna alietuambia kabla hatujalipa.

Kwa asiepajua kidogo: ni katikati ya Uturuki, ndo ile Kapadokia tunayoisikia kanisani siku ya Pentekoste. Unapanda ndege kutoka Istanbul mpaka Kayseri au Nevşehir, lisaa limoja na kitu, halafu gari mpaka Göreme. Zamani sana volkano za pale, Erciyes yenye zaidi ya mita 3,900 na Hasan, zilimwaga majivu yakaganda yakawa jiwe laini, juu yake sehemu zingine likakaa jiwe gumu jeusi. Mvua na upepo vikala lile laini, pale penye kofia ya jiwe gumu pakabaki nguzo. Ukishafika Isimila pale Iringa ukaona zile nguzo za udongo basi picha unayo kichwani, ila huku ni mabonde na mabonde, na watu walichimba nyumba na makanisa humohumo ndani ya jiwe. Tangu 1985 UNESCO wamelitambua eneo hili kuwa urithi wa dunia.

Sasa vya kupimia. Nitaangalia mambo hayahaya kwa vyote vinne: unaona nini, mwili unachukuliaje, usalama, vumbi na msimu, pesa na muda, halafu bonde lenyewe linabaki vipi ukishapita.

Unaona nini hasa

Kwodi inakupa ukubwa. Ziara ya kawaida ni masaa mawili, mnatoka Göreme kwa msururu muongozaji akiwa mbele, mnapita upande wa Kılıçlar, mnakuja kingo za Güllüdere na Kızılçukur ambazo ni bonde la waridi na bonde jekundu, mnashuka Çavuşin kwenye kijiji cha zamani kilichochongwa kwenye mwamba, mnamalizia Aşk Vadisi, yaani bonde la mapenzi, kwenye zile nguzo ndefu. Yaani mabonde manne jioni moja, na kila ukisimama pale juu unaliona eneo lote limelala mbele yako mpaka mlima Erciyes kule mbali kama anga ni safi, kiukweli nilinyamaza. Ila angalia neno nililosema, kingo. Kwodi inapita njia pana za vumbi, nyingi ziko juu au pembeni, haishuki kwenye vile vijia vya chini ambako bonde lenyewe lipo.

Hilo nililijua kesho yake niliposhuka Güllüdere kwa miguu. Njia nyembamba, pembeni miti ya matunda na mashamba madogo ya zabibu, zimeota chini chini bila kupandishwa juu kama zile za Dodoma, maji yanapita kidogo, halafu kuna kibao cha mkono kimeandikwa kanisa. Kwa nje ni tundu tu kwenye jiwe. Unainama unaingia, unakuta nguzo ndefu zimechongwa kutoka kwenye mwamba wenyewe, zimesimama kama zimejengwa, hiyo ndo Kolonlu Kilise. Mbele zaidi upande wa Kızılçukur ipo Haçlı Kilise, hiyo ukitazama juu dari lote lina msalaba mkubwa umechongwa, na pale kwenye madhabahu michoro bado inaonekana. Jana yake nilipita juu ya bonde hilohilo nikapiga picha nikaondoka, nikijua nshaliona. Iliniuma.

Farasi yuko katikati. Anapita njia ambazo kwodi haipiti, anaingia mpaka kwenye mashamba, na kwa vile umekaa juu unaona ng'ambo ya kuta na vichaka ambavyo mtembea kwa miguu vinamziba. Kingine ni ukimya, unasikia ndege, unasikia kwato. Wenyeji watakwambia jina Kapadokia maana yake ni nchi ya farasi wazuri, wasomi wanalibishia hilo, ila farasi kweli wapo wengi. Ubaya ni kwamba hushuki unapotaka, ukiona kanisa umeliona kwa nje tu mpaka muongozaji aamue kusimama.

Jeep inafata njia pana kama kwodi ila inafika mbali zaidi, na ndo pekee ambayo dereva anazima injini anakuelezea ukiwa umekaa, hii ndo nini, yale matundu ni ya nini. Mama alivyorudi alikuwa na habari kutuzidi sote. Yeye ndo alietuambia kwamba yale matundu madogo juu ya miamba ni nyumba za njiwa, wakulima waliwafuga wapate mbolea ya kuweka kwenye mizabibu.

Mwili

Watu wanadhani kwodi ni kukaa tu. Mafuta unapeleka kwa kidole gumba, unakisukuma masaa mawili mfululizo, na baada ya lisaa la kwanza kidole kinaanza kulalamika, mabega nayo maana usukani unapigwa na mawe. Mtu mwenye mgongo mbovu aiache. Farasi yeye anakamata mapaja kwa ndani, wifi alitembea kama mtu wa kupimwa suti siku mbili, na vituo vingi vina kikomo cha uzito kwahiyo ulizia kabla hujaweka oda. Miguu ndo inayotaka pumzi, Güllüdere na Kızılçukur ukizunguka vizuri ni masaa matatu manne na kuna sehemu changarawe zinateleza, kuna sehemu unapanda kwa mikono. Kama unataka kutembea kirahisi chukua bonde la Güvercinlik kutoka kamji ka Uçhisar kushuka Göreme, ni kama kilomita nne tu na unakuwa unateremka, ingawa pale mwanzo pa kushukia pana mteremko mkali. Jeep inarusharusha ila una kiti na una mkanda.

Usalama, hapa soma taratibu

Hapa nitakaa kwenye kwodi kwa sababu wengi wetu tunaingia na mazoea ya bodaboda na mazoea hayo ndo yanaumiza. Nilimuona kijana mmoja anajua pikipiki vizuri tu, lakini kwenye kona akateremsha mguu kama tunavyofanya na pikipiki ikitaka kulala. Kwenye kwodi tairi la nyuma liko pana kuliko la pikipiki na liko palepale unaposhushia mguu, linaupanda. Alipona kwa sababu mwendo ulikuwa mdogo. Miguu inakaa kwenye vikanyagio muda wote, hata ukihisi unaanguka.

La pili, pikipiki unailaza kwenye kona, kwodi hailali, ni wewe unaesogeza mwili kwenda ndani ya kona. Ukikaa wima kama gogo halafu umekata kona kwa kasi inabinuka, na inapobinuka inakuja juu yako, mashine ya kilo mia mbili na zaidi. Mlimani unaegemea mbele, mteremkoni unakaa nyuma, pakiwa pameinama ubavu unaegemea upande wa juu. Tena ukibeba mtu nyuma mambo yanabadilika yote, uzito unapanda juu na yule wa nyuma asipojua kusogea na wewe anakuvuta. Wapenzi wengi wanachukua moja kwa wawili ili kuokoa pesa. Kama pesa inaruhusu kila mmoja awe na yake, na kama hairuhusu basi chukueni iliyotengenezwa kwa wawili, yenye kiti kirefu na pa kushikilia nyuma.

Kabla ya kuondoka dai mzunguko wa mazoezi. Sisi kampuni tuliyoenda nayo walitupa kama dakika mbili kwenye kiwanja kidogo halafu tukaingia barabarani kwenye magari, haikutosha hata kidogo na mtu mmoja kwenye kundi alikuwa hajui breki ya nyuma iko mkono upi. Angalia helmeti inakufit na kamba yake inafunga. Piga video mashine yote kabla hujaipanda, mikwaruzo yote, maana unasaini fomu kwamba ukiharibu unalipa. Halafu fungua karatasi ya bima yako ya safari, nyingi kwodi hazijaiweka mpaka uongezee, bora ujue ukiwa bado nyumbani.

Kwa kina mama na dada zangu: buibui au gauni refu kwenye kwodi hapana, linavutwa na gurudumu. Vaa suruali, hata kama ni chini ya dira fupi, na ushungi ufunge ncha zake ziingie ndani ya nguo, uwe mdogo wa kukaa chini ya helmeti. Kwenye farasi pia suruali.

Farasi ana hatari yake, ni mnyama, anashtuka. Kwodi zikipita kwa kelele karibu nae utalijua hilo. Kama hujawahi kupanda sema ukweli, upewe mpole na muongozaji awe karibu, na visigino viangalie chini usije ukaingiza mguu mzima pale pa kukanyagia ukanasa. Kwa miguu hatari kubwa ni kupotea na giza. Njia zinagawanyika mara nyingi na vibao vingine vimefutika, pakua ramani ya simu mapema maana chini kule mtandao unakatika. Jeep salama kuliko zote mradi mkanda uufunge.

Vumbi, jua, baridi

Lile jiwe likisagika linakuwa kama unga wa sembe. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, msururu wa kwodi ishirini unatimua wingu, na wewe wa nyuma unalila lote. Omba kukaa mbele, nyuma tu ya muongozaji, na hapo mbele ndo wanapenda kumuweka anaeanza kujifunza kwahiyo sema tu unaogopa kidogo, si uongo. Beba miwani na kitambaa cha pua, mi nilikuwa na kanga nikaikunja mara mbili ikanisaidia kuliko ile barakoa waliyonipa. Mwenye pumu aende na jeep iliyofungwa madirisha, hili halina mjadala. Wenye lenzi za macho pia.

Baridi ndo tunaisahau. Göreme ina mwinuko wa kama mita 1,100, Arusha iko juu zaidi, ila hii iko kaskazini sana kwahiyo Desemba mpaka Februari kuna theluji. Kwodi zinaendelea kutembea hata hivyo, na kuona nguzo zile zimevaa theluji ni kitu, lakini upepo wa kwenye usukani unakata vidole, glavu nene ni lazima. Mvua ya machipuko inageuza njia kuwa tope, hapo farasi na miguu vinateleza, jeep inashinda. Mei kuna maua na kijani, Septemba na Oktoba hewa nzuri kwa vyote. Mchana wa Julai miguu iende mabonde yenye miti tu au uanze alfajiri.

Halafu kuna ishu ya saa ambayo inatuchanganya. Uturuki saa zao ni sawa na zetu za Afrika Mashariki mwaka mzima, ila jua lao halizami saa kumi na mbili kila siku kama letu. Juni linazama saa mbili usiku na dakika kumi hivi, Desemba saa kumi na moja na dakika ishirini. Oktoba katikati ndo linafanana na la nyumbani. Kwahiyo mtu akikuuzia ziara ya machweo muulize inaanza saa ngapi mwezi huo, na umtajie kwa namba zao, 17:00 au 18:00, usimwambie saa kumi na moja akakuandikia asubuhi.

Pesa na muda

Bei sizitaji kwa sababu zinabadilika kwa msimu na wengi wanazipanga kwa euro. Mpangilio ndo huu: miguu bure kwa mabonde mengi, unalipa muongozaji ukitaka. Kwodi na farasi vinatozwa kwa muda, lisaa, mawili, mpaka manne, na kwodi ya wawili inagawanyika. Jeep inalipiwa gari zima kwahiyo mkiwa wanne watano kila mtu inamshukia kidogo, ukiwa peke yako inauma. Lisaa limoja la kwodi sikushauri, ukitoa mazoezi na kusimama kupiga picha unabaki na nusu saa. Na asubuhi ile baluni zinaporuka, yale maputo makubwa ya hewa moto yanayobeba watu, zipo ziara za alfajiri, za kwodi, farasi na jeep pia, unaziangalia zikipita juu yako, kwa ambae pesa ya baluni haipo hiyo ni njia nzuri sana, ila uelewe upepo ukiwa mkali baluni haziruhusiwi kuruka na ziara yako inaendelea bila hizo.

Bonde lenyewe

Hili halipo kwenye matangazo na mi linanigusa. Jiwe lililojengwa na majivu, lililotobolewa na maji, tairi linalichimba pia. Ukitazama kutoka juu unaona kabisa mistari ya magurudumu iliyotoka nje ya njia ikaingia kwenye shamba la mtu au ikapanda kilima kwa sababu kuna mtu alitaka picha. Mwaka 2019 Uturuki iliunda mamlaka maalum ya kusimamia eneo hili, ila muongozaji wako akikwambia pita hapa hapana shida na unaona si njia, we usipite. Kelele nazo, nikiwa chini kwa miguu nilizisikia kwodi kutoka mbali jioni nzima, na jana yake kelele zile zilikuwa zangu. Farasi anaharibu kidogo lakini muangalie yeye mwenyewe, mbavu, vidonda chini ya tandiko, maji. Ukiona hayuko sawa usipande, nenda kituo kingine, wanaelewa pesa ikiondoka. Miguu ndo nyepesi kuliko zote mradi mtu asichore jina lake ukutani, michoro ile ina zaidi ya miaka elfu na nimekuta majina juu yake.

Sasa nani achukue nini

Una siku moja tu, umzima, unapenda kuendesha: kwodi ya masaa mawili ya jioni, na asubuhi ya siku hiyohiyo jilazimishe kutembea hata saa moja na nusu Güvercinlik ili uwe umeshuka chini pia.

Mna wazee, watoto wadogo, au mtu wa pumu: jeep. Wala msijisikie mmekosa kitu, sehemu za kuangalia machweo ni zilezile, mtafika hamjachoka.

Hujui kuendesha na hutaki kelele ila miguu haiwezi masaa manne: farasi, asubuhi, kundi dogo.

Unapenda historia, makanisa, kupiga picha taratibu, au bajeti imebana kwa sababu mzigo wa Istanbul umemeza: miguu. Hapo raba zenye meno na maji lita moja na nusu zinatosha.

Vijana wa kundi moja wanaotaka kushindana kwa kasi mi nawaomba muende kwingine, huku mnapanga msururu na mnafata alie mbele, mtakasirika bure.

Na kama mko mchanganyiko kama sisi msilazimishane kitu kimoja. Siku yetu ya mwisho mama alichukua jeep, wifi farasi, mi nikapanda kwa miguu kutoka Çavuşin kupitia Güllüdere, tukapatana tukutane kwenye ukingo wa Kızılçukur jua likizama. Mama ndo alifika wa kwanza, kashatafuta chai na pa kukaa, kashika nafasi zetu kwa mtandio. Kurudi tukapanda wote jeep yake, dereva hakuwa na neno kwa vile gari lilikuwa limelipiwa lote. Sisi tulipatana nae mchana, na nyie muulizeni kabla, maana giza likiingia pale juu usafiri wa kuokota njiani ni wa shida na anaerudi kwa miguu anataka tochi ya kweli, ya simu haimfikishi.